Matope ya Kamina: Tairi Hushika Nini?

Mvua zinapoanza, kati ya mwisho wa Septemba na Oktoba, mabishano yale yale hurudi kwenye maegesho ya malori ya Kamina. Mmoja anasema punguza upepo wa matairi. Mwingine anasema ongeza mzigo ili gari likae chini. Wa tatu anasema kama huna 4x4 usijisumbue kuondoka. Wa nne ametumiwa video na ndugu yake aliyeko Montréal, inayoonyesha jinsi ya kuendesha gari juu ya theluji, naye ana hakika kwamba utelezi ni utelezi. Kila mmoja ana safari aliyofika salama kwa njia yake, kwa hiyo hakuna anayekubali kushindwa. Wakati huo mahindi ya Kaniama yanangoja kwenye magunia, na samaki wa kukaushwa wa Bukama wanaanza kushika ukungu chini ya turubai.

Mabishano hayo yana maana, kwa sababu kila upande unasema kweli. Tatizo ni kwamba kila upande unasema kweli ya udongo mmoja, kisha unaitangaza kuwa kweli ya njia yote. Uchambuzi huu unazipanga hoja hizo moja moja: zinatoka wapi, zina nguvu gani, na zinaishia wapi.

Mji wa reli, njia za udongo

Kamina ni makao makuu ya mkoa wa Haut-Lomami nchini Kongo tangu Katanga ya zamani ilipogawanywa mwaka 2015. Mji uko kwenye uwanda wa juu, yapata mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na kwa mwaka hupata zaidi ya milimita 1,000 za mvua. Karibu zote huanguka kati ya Oktoba na Aprili. Miezi inayobaki ni kiangazi kikavu, vumbi tupu. Njia ile ile inayopitika kwa gari dogo mwezi Julai humeza lori mwezi Februari.

Mji huu ulikua kwa sababu ya reli. Hapa hukutana njia ya Lubumbashi, njia ya Ilebo inayopitia Kananga, na njia ya Kabalo inayoendelea hadi Kalemie kwenye Ziwa Tanganyika. Mzigo mzito ulikuwa wa treni. Barabara zilikuwa za kuuleta mzigo huo stesheni. Zilitengenezwa kwa udongo, kwa magari mepesi. Reli ilipodhoofika, mabehewa yakapungua na safari zikawa za kubahatisha. Aprili 2014 treni ya mizigo iliyobeba watu ilianguka karibu na Katongola, si mbali na Kamina, na makumi ya abiria wakafa. Mzigo ukahamia kwenye malori, na malori yakaingia kwenye njia ambazo hazikuwahi kuandaliwa kwa ajili yake. Nchi nzima ina zaidi ya kilomita 58,000 za barabara za taifa na za mikoa, na zenye lami ni sehemu ndogo sana.

Chini ya njia hizo kuna udongo wa namna mbili, na hapa ndipo ubishi unapozaliwa. Kuna udongo mwekundu wa mfinyanzi, ule unaogandia viatu mpaka mguu unakuwa mzito. Na kuna mchanga, kwa maana ukanda mkubwa wa mchanga wa Kalahari unapanda kutoka kusini mwa Afrika na kufika hadi Katanga na Kasai. Safari moja inaweza kupita kwenye namna zote mbili, tena zaidi ya mara moja.

Udongo hushika kwa njia mbili

Mwaka 1773 Charles-Augustin de Coulomb, mhandisi wa jeshi la Ufaransa aliyekuwa ametoka kujenga ngome kwa miaka minane katika kisiwa cha Martinique, alisoma mbele ya wanasayansi wa Paris maelezo ya jinsi udongo unavyokatika. Alisema udongo hukataa kukatika kwa nguvu mbili. Ya kwanza ni msuguano wa chembe na chembe, ambao huongezeka kadiri unavyoukandamiza kwa uzito. Ya pili ni unato wake wenyewe, ambao haujali uzito; unajali eneo tu. Karibu karne mbili baadaye, mwaka 1956, Mieczysław Bekker, mhandisi mwenye asili ya Poland, aliichukua hesabu hiyo akaijengea elimu ya magari yanayopita pasipo barabara. Elimu hiyo ndiyo iliyotumika hata kwenye gari la mwezini la mwaka 1971.

Kwa lugha ya barabarani, maana yake ni hii. Mchanga hauna unato. Nguvu yake yote ni msuguano, kwa hiyo uzito juu ya magurudumu yanayovuta unasaidia, mradi gari lisizame. Mfinyanzi uliolowa ni kinyume: msuguano wake umekaribia kwisha kwa sababu maji yameingia kati ya chembe, na kilichobaki ni unato. Hapo kuongeza uzito hakukupi mshiko wa maana, kunakuzamisha tu. Kinachokusaidia ni tairi kugusa eneo kubwa zaidi.

Kwa hiyo anayesema "ongeza mzigo" amejifunza udereva kwenye mchanga, au kwenye njia ngumu yenye utelezi wa juu juu, akiwa na lori tupu ambalo ekseli yake ya nyuma ni nyepesi. Anayesema "punguza upepo" amejifunza kwenye udongo laini, ambako tairi lililolegea hupanuka chini na kukanyaga eneo kubwa. Wote wawili ni mashofere wazuri. Hawajasimama mahali pamoja, basi.

Namna ya kujua umesimama wapi haihitaji maabara. Chota udongo wa njia uliolowa, ujae kiganja, uuviringe kati ya viganja viwili kama unatengeneza kamba. Ukivunjika na kumwagika kabla haujawa kamba, ni mchanga. Ukitoka kamba nyembamba, ndefu, inayong'aa na kujipinda bila kukatika, ni mfinyanzi, na usitegemee uzito ukuokoe. Kazi hiyo huchukua dakika moja. Wafinyanzi wa vyungu huuchagua udongo wao vivyo hivyo.

Theluji na matope si ndugu

Ushauri unaotoka kwa jamaa walioko Ulaya na Kanada ni wa nia njema, na sehemu yake inafaa. Huko Québec sheria inalazimisha matairi ya baridi kuanzia tarehe 1 Desemba hadi 15 Machi, na Mkongo aliyefika huko jana hujifunza haraka: ondoka kwa gia ya pili ili magurudumu yasisokote, usifunge breki ghafla, usikate usukani kwa nguvu, acha nafasi kubwa mbele yako. Yote hayo yafuate hata Kamina. Theluji iliyoshindiliwa hutoa msuguano wa theluthi moja hivi ya ule wa lami kavu, na mfinyanzi uliolowa juu ya njia ngumu haupishani nao sana.

Lakini tofauti moja inabomoa mengi ya yanayobaki. Theluji ikibanwa hushikamana na theluji. Ndiyo maana watoto wa huko huifinyanga mipira na kurushiana. Tairi la baridi limechanjwa mikato myembamba mingi ili theluji iingie na ikae humo, kwa sababu theluji iliyo kwenye tairi huing'ang'ania ile iliyo chini. Matope hayafanyi hivyo. Matope yakiingia kwenye mikato hiyo hayatoki. Litazame tairi la namna hiyo baada ya mita mia moja za njia nyekundu: mikato yote imezibwa, tairi limekuwa laini pande zote kama chungu kilichopigwa msasa, na sasa ni matope yanayoteleza juu ya matope.

Jambo hili lina gharama kwa wanunuzi. Matairi mengi yanayouzwa huku ni yale yaliyokwisha kutumika nje, na baadhi yana herufi M+S ubavuni. Herufi hizo husimama kwa matope na theluji, na muuzaji huzionyesha kama cheti. Ukweli ni kwamba alama hiyo huwekwa na mtengenezaji mwenyewe kwa kuangalia umbo la mikato, bila sharti la kulipima tairi kwenye matope. Alama nyingine, ile ya mlima wenye vilele vitatu na chembe ya theluji, iliyoanza mwaka 1999, inahitaji kipimo kweli, lakini ni kipimo cha theluji. Zaidi ya hayo, mpira wa tairi la baridi ni laini makusudi, umetengenezwa kwa hali ya chini ya nyuzi 7 za joto. Kwenye changarawe ya laterite yenye joto la Katanga utaisha haraka sana.

Tairi la matope linatambulika kwa macho: vipande vikubwa vya mpira, vilivyoachana, na mabega yaliyo wazi ili udongo utupwe nje gurudumu linapozunguka. Ubaya wake ni bei, kelele, na udhaifu kwenye lami iliyolowa, ambako linachelewa kusimama.

Upepo, upana na minyororo

Kupunguza upepo ni dawa rahisi kuliko zote na ndiyo inayotumiwa vibaya kuliko zote. Land Cruiser ya kawaida, ambayo matairi yake hujazwa kati ya bar 2 na 2.5, ikishushwa hadi 1.5 hivi hubadilika kabisa kwenye mchanga. Lakini asiye na pampu ya kurudishia upepo amejitia hatarini: tairi lililolegea likienda mbio hupata moto na kupasuka, na kwenye kona kali linaweza kuvuka ukingo wa rimu. Kwa lori lililojaza tani nyingi kupita kiasi dawa hii haipo kabisa. Ubavu wa tairi hauwezi kubeba mzigo huo bila upepo wake.

Kuhusu upana, watu hudhani tairi nene daima ni bora. Inategemea kuna nini chini. Kama matope ni ya vidole vinne juu ya laterite ngumu, tairi jembamba huyakata na kufika kwenye ardhi ngumu, huku nene likielea juu ya utelezi. Kama ni dimbwi lisilo na mwisho, lile ambalo Wakongo wote hulijua kwa Kifaransa kama bourbier, jembamba litazama hadi difu, ile gia iliyo katikati ya ekseli, na hapo nene lina faida. Fimbo ndefu ya kuchoma mbele ya gari kabla ya kuingia ina thamani kuliko maoni ya watu kumi waliosimama kando.

Minyororo inayofungwa kwenye magurudumu ya nyuma huuma kweli, hata kwenye mfinyanzi. Inastahili kubebwa kwa ajili ya kujinasua. Lakini lori likitembea nayo kilomita nzima hulima njia kama jembe la ng'ombe, na mifuo inayoachwa hujaa maji usiku ule ule. Aliyepita amefika, wa nyuma yake amechimbiwa shimo.

Polepole au kwa kasi?

Hapa pia kuna kambi mbili. Wa polepole wana hoja kwamba gurudumu linalosokota hupoteza mshiko, husugua mfinyanzi hadi ung'ae, na kujichimbia kaburi. Wa kasi wana hoja kwamba gari likipungua mwendo katikati ya dimbwi halitaondoka tena, na kwamba tairi lisilozunguka kwa nguvu halitupi matope.

Wa kasi wamepatia kwa jambo moja ambalo wa theluji hawalijui: kwenye mfinyanzi mzito gurudumu linahitaji kuzunguka kidogo zaidi ya mwendo wa gari ili lijisafishe. Lakini kidogo tu, na kabla gari halijasimama. Gari likishasimama, kila sekunde ya kukanyaga mafuta ni hasara. Mwendo mzuri hupatikana nje ya dimbwi, kwenye ardhi ngumu, kwa gia moja inayotosha kuvuka bila kubadili. Hatari ya kasi nayo haimwangukii shofere peke yake: juu ya magunia huwa wamekaa akina mama na watoto wao, na lori linaloingia kwa nguvu kwenye mfuo uliozama upande mmoja hupinduka.

4x4 na siri ya difu

Hoja ya 4x4 ina nguvu, ila inaaminiwa kupita kiasi. Difu ya kawaida hugawa nguvu sawa kwa magurudumu mawili ya ekseli, kwa hiyo gurudumu linaloelea hewani hulazimisha lenzake nalo lisipate kitu. Gari la magurudumu manne yanayovuta likikwama kwa mkingamo, mbele kushoto na nyuma kulia yakiwa hewani, yatasokota hayo mawili na mengine yatatulia kimya. Kinachookoa hapo ni kufuli ya difu, inayoyafunga magurudumu mawili ya ekseli yazunguke pamoja, na magari mengi yanayoitwa 4x4 hayana. Lori la ekseli mbili lenye kufuli ya nyuma linaweza kupita mahali ambapo gari la kifahari limeshindwa.

Kwa gari dogo linalovutwa na magurudumu ya mbele kuna hila ya zamani: kwenye kilima chenye utelezi uzito hurudi nyuma na kuyapunguzia mzigo magurudumu ya mbele, kwa hiyo kupanda kinyumenyume kunaweza kufaulu pale ambapo kupanda kwa kawaida kumeshindwa.

4x4 haisaidii kusimama. Kila gari lina breki kwenye magurudumu yake yote.

Bariyeri ya mvua

Tangu enzi za ukoloni njia za udongo za Kongo zimekuwa na bariyeri za mvua: mti unaolazwa barabarani mvua ikianza, na kuinuliwa njia ikikauka vya kutosha. Mtazamo wa wafanyabiashara ni kwamba bariyeri ni usumbufu, na wana sababu. Mgonjwa hawezi kungoja. Samaki hawawezi kungoja. Na kila mahali gari linapolazimika kusimama huzaliwa mkono wa kudai malipo, mpaka bariyeri ya kulinda barabara inageuka kuwa bariyeri ya kuchuma barabara.

Lakini msingi wake ni sahihi kabisa. Jaribio kubwa la barabara lililofanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960 lilionyesha kwamba uharibifu hukua takriban kwa uzito wa ekseli uliozidishwa kwa wenyewe mara nne. Ekseli ya tani 13 huharibu karibu mara tatu ya ekseli ya tani 10. Lilifanywa kwenye lami na zege; udongo uliolowa hauwezi kuwa na huruma zaidi. Lori moja linalopita saa moja baada ya mvua huacha mifuo miwili, mifuo huwa mifereji, na mvua inayofuata haina haja ya kwenda pembeni, kwa sababu njia yenyewe imekuwa mto. Kingo za mifuo zikiinuka, difu ya lori linalofuata hulalia tuta la katikati na magurudumu huning'inia. Hapo hakuna tairi, upepo wala kufuli itakayosaidia. Ni koleo na jeki.

Bariyeri inayofunga malori mazito na kuruhusu pikipiki, gari jepesi na gari la wagonjwa, tena bila senti moja kudaiwa hapo, inaweza kutetewa. Inayopitisha anayelipa haina utetezi wowote.

Maji yanakwenda wapi?

Wanaobishana kuhusu matairi hawaitaji sana hoja hii ya mwisho, ambayo naiona ndiyo kubwa. Mfinyanzi uleule unaotelezesha lori mwezi Februari ni mgumu kama tofali mwezi Julai. Udongo haukubadilika, wala uzito, wala tairi. Kilichoongezeka ni maji.

Barabara ya udongo yenye afya ina mgongo: katikati pameinuka, pande zote zinateremka kwa asilimia 4 hadi 6. Kwa njia ya upana wa mita 6 hiyo ni sentimita 12 hadi 18 tu kutoka katikati hadi ukingoni, urefu wa kiganja kilichonyooshwa. Kiganja hicho kikiwepo, pamoja na mfereji uliozibuliwa na kingo zilizofyekwa ili jua na upepo viingie, njia hukauka kwa saa. Kikikosekana, hubaki chapati ya matope kwa siku nyingi. Kazi hiyo ilikuwa ya makantonye, wenyeji waliolipwa kutunza kila mmoja kipande chake kwa jembe, panga na toroli. Leo Ofisi ya Barabara, Office des Routes, ndiyo yenye dhamana ya njia za taifa, na mfuko wa matengenezo, FONER, ulioundwa mwaka 2008, hulishwa na tozo kwenye mafuta na malipo ya barabarani. Kila shofere anayejaza tangi Kamina amekwisha kulipia mfereji. Ana haki ya kuuliza uko wapi.

Udhaifu wa hoja hii ni kwamba haimsaidii aliyekwama sasa hivi, na kwamba kazi ya mikono ikikosa malipo kwa miezi miwili hufa. Tena inafanywa vibaya mara nyingi: shimo hujazwa udongo wa kichuguu kwa sababu uko karibu na ni rahisi kuchimba. Udongo wa kichuguu ni mfinyanzi. Wakati wa kiangazi hushika kama saruji. Mvua ya kwanza inaugeuza sabuni. Changarawe ya laterite iliyoshindiliwa ndiyo inayofaa, na hata hiyo haitadumu maji yakiachwa juu yake.

Kupima hoja zote

Zikiwekwa mizanini, hoja za ndani ya gari hazina uzito sawa. Tairi la kufaa na kufuli ya difu ni bora kuliko neno 4x4 mlangoni. Kupunguza upepo kunafaa kwa mchanga na gari jepesi lenye pampu. Kuongeza uzito kunafaa kwa lori tupu kwenye njia ngumu, na ni kosa kwenye mfinyanzi laini. Ushauri wa theluji uchukuliwe kwa mikono na miguu ya shofere, usichukuliwe kwa matairi.

Lakini yote hayo humsaidia mtu mmoja kuvuka, na baadhi yake humharibia anayefuata. Bariyeri ya haki na mfereji uliozibuliwa huwasaidia wote kwa pamoja, hata mwenye baiskeli aliyefunga magunia ya makaa na hana difu ya kufunga. Kati ya hivyo viwili mfereji ni wa kwanza, kwa kuwa unapunguza saa ambazo bariyeri inahitaji kufungwa. Kazi yake hufanyika Agosti na Septemba, udongo ukiwa bado mkavu na majembe bado yanaingia bila kugandiwa. Anayeianza Desemba anachimba ndani ya maji.